TAHADHARI: Bingwa wa "rangi ya kendi" Malindi alinipulizia gari vanishi ya kabati

Assalam aleikum, na wengine wote hamjambo. Naandika kwa wenye magari na tuktuk wa Malindi, Watamu, Mambrui mpaka Kilifi. Kuna mtu anazunguka akijiita bingwa wa rangi ya kendi. Hukodi kiwanja, hufanya magari mawili matatu, kisha huhama kabla rangi haijaanza kusema ukweli. Mimi alinifanyia kazi Malindi mjini, na wiki hii nimeambiwa ameonekana upande wa Gede. Jina lake siliweki hapa. Shauri liko polisi, na hata hivyo kila niliyeongea naye alipewa jina tofauti.

Gari yangu ni Toyota Mark II, na riziki yake kubwa ni arusi. Baada ya Idi arusi huwa mfululizo, na mabibi harusi wa siku hizi hawataki gari nyeupe kama ya kila mtu. Jamaa akanionyesha picha kwenye simu: nyekundu iliyoiva, ukiitazama utadhani kuna taa imewashwa ndani ya bati. Namba za gari zilikuwa zimekatwa kwenye picha zote. Nikadhani anawasitiri wateja wake, kumbe si wateja wake.

Bei ilikuwa shilingi 140,000, na 85,000 zitangulie, eti rangi inaagizwa Marekani. Nilizituma kwa M-Pesa kwenye namba ya simu ya mtu, si till wala paybill za biashara, na jina lililotokea kwenye skrini likawa la mwanamke. "Huyo mke wangu, bosi, ndiye mshika fedha," akasema. Tukacheka wote wawili.

Kwanza mjue rangi hii ni kitu gani, maana ulaghai wake umejificha humo. Rangi ya kawaida hufunika. Kendi haifuniki, inapitisha mwanga. Chini hupulizwa beisi ya metaliki, silva au dhahabu. Juu yake ndiyo kendi, nyepesi kama maji yaliyotiwa rangi, na juu kabisa klia, ile vanishi angavu isiyo na rangi. Mwanga wa jua hupenya klia na kendi, hugonga metaliki ya chini, kisha hurudi juu kupitia kendi ile ile ndipo uuone. Ule wekundu wenye kina unatoka hapo. Chukua Vimto ya kufuturia: kidogo chini ya gilasi ni waridi, ukiongeza ni nyekundu nzito, ukijaza jagi inakaribia weusi. Kendi nayo kila mkono unaopulizwa, yaani kila tabaka, unaikoleza. Nyekundu juu ya dhahabu huvuta kidogo kwenye chungwa, juu ya silva hubaki nyekundu kali zaidi. Aliyetajwa sana kwa kuvumisha nyekundu ya namna hii ni Joe Bailon, fundi wa magari wa California, miaka ya 1950, na jina lenyewe limetokana na matufaha yanayochovywa kwenye sukari iliyoyeyushwa.

Sasa ona ugumu wake. Mlango ukipata mikono minne na mkingamo wa tairi ukapata mitano, una gari ya rangi mbili. Mkono wa fundi ukisita, unabaki mstari, na mistari ikiwa mingi gari inakuwa punda milia. Kwa hiyo fundi wa kweli huchanganya rangi yote kwa mara moja, ya gari zima na akiba juu, huhesabu mikono, na hupuliza ubavu mzima toka mbele hadi nyuma bila kusimama, kila mpito ukilalia nusu au zaidi ya uliotangulia. Kuziba kiraka haiwezekani kama rangi ya kawaida. Tuktuk ikikuparuza mlango pale sokoni, jiandae kupuliza ubavu wote. Neno hilo ungepaswa kuambiwa kabla hujatoa senti. Mimi niliambiwa, "Ukikwaruzwa njoo, nitakugusa kidogo tu." Anayesema hivyo ama hajawahi kupiga kendi, ama hana nia ya kuipiga.

Dalili zilikuwa nyingi, na nyingine niliziona kwa macho yangu nikanyamaza. Kazi ilifanyika uani, chini ya mwarobaini, wakati wa kusi, mchanga unaruka na hewa imelowa unyevu wa bahari. Niliomba anipulizie kwanza kipande cha bati nikione juani. Akasema yeye haamini vibati, anaamini jicho lake. Hilo peke yake lingetosha kunirudisha nyumbani. Kwa kendi kibati cha mfano si anasa, ndicho mkataba wenyewe: kinaonyesha beisi ipi, mikono mingapi, na mkikubaliana kinakaa kwako hadi siku ya kuchukua gari.

Na kijana wake wa kupuliza alikuwa amejifunga leso puani. Klia ya 2K, yaani ya sehemu mbili, huchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha iwe ngumu, na hadina hizo zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Mpulizaji anahitaji barakoa yenye vichujio vyake au ya kuletewa hewa safi kwa mpira. Leso haizuii kitu. Yule kijana aliokolewa na wizi wa bosi wake, kwa sababu hadina yenyewe haikuwapo.

Gari niliitiwa wakati wa magharibi. Ilikuwa imemwagiwa maji na imewekwa chini ya balbu, inameremeta mpaka nikaona aibu kuigusa. Nikamaliza 55,000 zilizobaki, nikaondoka nikipiga honi kama mimi ndiye bwana harusi. Msiende kuchukua gari ya kendi usiku, na msiikubali ikiwa na maji. Maji hujaza mikwaruzo ya msasa na kuficha ukavu wa klia, na balbu haionyeshi mistari. Nendeni saa sita mchana, mzunguke gari polepole, mchutame, muitazame kwa pembe.

Arusi mbili za kwanza nilisifiwa. Mwezi wa pili paa na boneti vikaanza kupauka. Mwezi wa tatu ubavuni ni nyekundu, juu ni sharubati iliyozimuliwa. Nisiwe mwongo, hata kendi halisi huumia na jua, na nyekundu ndiyo yenye sifa mbaya, maana rangi zake nyingi ni za kuyeyuka na si za chembe ngumu. Malindi tuko kama digrii 3 tu kusini mwa ikweta. Ndiyo sababu klia yake hutakiwa iwe na kinga ya miale ya jua, na gari yenyewe ilale kivulini. Lakini rangi kumalizika kwa miezi mitatu si jua pekee.

Jua limesingiziwa, nililijua hilo kituo cha mafuta. Kijana alijaza tangi, petroli ikachuruzika kidogo chini ya mfuniko, akapangusa na kitambaa chake cheupe. Kitambaa kikatoka chekundu kama mate ya mla tambuu. Akanitazama, akakitazama kitambaa. "Mzee, gari yako inatoka damu."

Jirani yangu ni seremala wa vitanda na milango. Nilimpelekea gari pamoja na bati lililosahauliwa uani, lenye karatasi nzuri ya Kimarekani na mfuniko uliojaa alama za bisibisi, bati lililofunguliwa na kufungwa mara nyingi mno. Ami akanusa, akakwangua kwa ukucha, akaguna. "Mwanangu, hii NC. Ndiyo vanishi tunayopulizia makabati. Na wekundu huu ni wa kutilia mbao." Nilipanda gari yenye vanishi ya kabati miezi mitatu, na watu walipiga picha nayo.

NC hukauka kwa thina kuruka tu, haina hadina ya kuifunga, kwa hiyo petroli au thina huilainisha tena hata baada ya muda mrefu. 2K ikishakauka sawasawa haikubali. Kipimo chake hakigharimu kitu: baada ya siku kadhaa, chukua kitambaa cheupe chenye thina kidogo, ubonyeze mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya mfuniko wa tangi, uhesabu hadi ishirini. Kitambaa kikitoka na rangi, usilipe salio. Kubaliana na fundi mapema kwamba utapima. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Mwenye tuktuk mmoja wa Maweni alifanyiwa ufundi mwingine kabisa. Yeye alipuliziwa nyekundu ya metaliki ya kawaida, mkono mmoja juu ya rangi ya zamani, akaambiwa ni kendi na akatozwa bei ya kendi. Huyo angeokolewa na kijiko. Chovya kijiko kinachong'aa ndani ya bati, kitoe, kiache kichuruzike. Kendi itakuonyesha mng'aro wa kijiko kupitia wekundu wake, rangi ya kawaida itakifunika. Kwangu mimi kijiko kisingefaa kitu, kwani vanishi iliyotiwa rangi nayo inaonekana kwa ndani. Kwa hiyo fanya vyote viwili, na ukiweza ununue rangi, klia na hadina mwenyewe dukani, ya kwako iliyofungwa na yenye risiti, fundi umlipe ufundi wake tu. Na ukiwa uani siku ya klia, uangalie hadina inavyopimwa. Kila klia ina kipimo chake kimeandikwa kwenye bati, nyingine mbili kwa moja, nyingine nne kwa moja. Ukiona inamiminwa kwa kukisia, simamisha kazi.

Kosa moja ni langu. Logbook yangu, hati ya gari, bado inasema nyeupe. Kubadili rangi ya gari ni jambo la kuarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lakini jamaa alisema hakuna haja, nami nikapenda kumwamini. Trafiki alinisimamisha njia ya Mombasa nikiwa na maua kwenye boneti na bibi harusi nyuma. Sitaki kusimulia zaidi.

Gharama ya pili ndiyo inayouma. Huwezi kupulizia 2K juu ya NC hii, itakunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Lazima yote ing'olewe mpaka chini, ipigwe msasa, ipigwe praima upya. Sasa gari yangu imesimama kivulini ikiwa kijivu, na arusi ya Ijumaa nimempa mwenzangu. Nikipata fedha nitaipiga nyeupe, sina hamu ya kendi tena.

Jamaa nimempigia, simu haipatikani. Nimeshaandikisha polisi, na najiandaa kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Nina ujumbe wa M-Pesa zote mbili, picha za gari kabla na baada, sauti zake za WhatsApp akiahidi "miaka mitano, bosi", bati, na kile kitambaa chekundu, ambacho kijana wa petroli alinipa bure.

Kama nawe ulituma pesa ukaona jina la mwanamke usiyemjua, au umeletewa picha za gari nyekundu zilizokatwa namba, niandikie faraghani. Usifute ujumbe wowote wa M-Pesa, na gari usiioshe wala kuipiga polishi kabla hujaipiga picha juani.