Supamaketi kama Huduma: Tathmini ya Duka Linalomwacha Mteja Ajihudumie

Wanaotathmini maduka kwa kawaida hutazama usafi wa sakafu, urefu wa foleni, lugha ya wahudumu na wingi wa bidhaa, na kwa vigezo hivyo supamaketi ya kisasa hupata alama nzuri ambazo kwa kweli inazistahili. Bei zimeandikwa, hakuna haja ya kubishana na muuzaji, na mtu anaweza kupata sabuni, unga na betri chini ya paa moja. Tathmini hii inatumia kigezo kingine ambacho ni nadra kutajwa: je, mteja aliyeingia akijua anachohitaji hutoka na hicho alichokihitaji, kwa kiasi cha fedha alichokikusudia? Kwa kigezo hicho huduma hii hushindwa mara nyingi, wala haishindwi kwa bahati mbaya, kwa kuwa ile tofauti kati ya kilichokusudiwa na kilichonunuliwa ni mapato ya duka.

Chanzo chake ni muundo wenyewe wa kujihudumia. Katika maduka ya zamani mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja mahitaji yake, na muuzaji akamletea alichotaja. Mwaka 1916, huko Memphis nchini Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly ambamo mteja aliingia kwa mlango wa kuzunguka, akachukua kapu na kufuata njia moja tu iliyompitisha mbele ya rafu zote kabla ya kumfikisha kwa keshia. Mwaka uliofuata alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mpangilio huo. Gharama za wafanyakazi zilipungua na bei zikashuka, jambo ambalo si haki kulisahau tunapoilaumu supamaketi. Hata hivyo, kuanzia hapo orodha ya mteja haikuwa tena ndiyo inayoongoza mauzo. Aliyezoea kutaja vitu vitano sasa ilimbidi aone mamia ya vitu kabla ya kuvifikia vile vitano vyake, na macho, kama wasemavyo wahenga, hayana pazia.

Toroli nalo lilizaliwa katika mantiki hiyohiyo. Sylvan Goldman, aliyekuwa na maduka huko Oklahoma City, aliona kwamba wateja waliacha kununua pale kapu lilipowachosha mkono, si pale mahitaji yao yalipokwisha, na mwaka 1937 akaleta kapu lenye magurudumu. Wateja hawakulipenda mwanzoni, hata ikambidi awalipe watu walisukume dukani ili wengine walizoee. Uzito wa kapu ulikuwa ukimkumbusha mteja kwamba amekwisha nunua vya kutosha, na toroli liliuondoa ukumbusho huo. Ndiyo maana ushauri wa kwanza katika tathmini hii hauhitaji hesabu yoyote: anayefuata vitu vichache achukue kapu la mkononi, na kama vitu hivyo vinabebeka mikononi, hata kapu aliache.

Kuhusu mpangilio wa ndani, mengi yamekwisha kusemwa na mengine yametiwa chumvi, lakini yaliyo ya kweli yanaonekana kwa yeyote anayetazama kwa makini. Matunda, mboga na maua huwekwa karibu na mlango kwa sababu rangi zake huleta hisia ya uzima na wingi. Bidhaa ambazo karibu kila mtu huzifuata, kama maziwa na mkate, mara nyingi hutenganishwa na kusogezwa mbali na mlango, kwa hiyo anayezitaka zote mbili hulipitia duka zima. Usawa wa macho ni sehemu ya thamani katika rafu, na katika maduka mengi watengenezaji hulipia nafasi hiyo kwa fedha taslimu au kwa punguzo wanalompa mwenye duka. Bidhaa za bei nafuu hupelekwa chini kabisa, mahali ambapo mtu hulazimika kuinama, na zile zinazowalenga watoto hupangwa kwa kimo cha mtoto. Mwisho wa kila safu ya rafu nao ni jukwaa la matangazo, na mteja hudhani kwamba kilichowekwa pale kimepunguzwa bei hata pasipo na lebo yoyote inayosema hivyo. Nguvu ya nafasi hizi si dhana tu, kwani kule England, tangu Oktoba 2022, sheria inawazuia wenye maduka makubwa kuweka baadhi ya vyakula vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi karibu na mlango, mwishoni mwa safu na kwenye kaunta za malipo. Kama nafasi hizo hazingekuwa zikiuza, hakuna ambaye angejisumbua kuzitungia sheria.

Muziki unahitaji maneno machache tu. Ronald Milliman alichapisha mwaka 1982 utafiti uliofanywa katika supamaketi nchini Marekani, ambapo mauzo ya siku za muziki wa taratibu yalizidi yale ya siku za muziki wa kasi kwa takriban asilimia 38, kwa kuwa wateja walitembea polepole zaidi. Mwenye kutaka kujikinga avae spika za masikioni na kusikiliza anachokipenda yeye.

Sehemu inayostahili kuchunguzwa kwa subira ni lebo ya bei, kwa sababu hapo ndipo duka linapozungumza na mteja kwa tarakimu, na tarakimu huaminika kuliko zinavyostahili. Bei inayoishia na 9 ni hila ya zamani ambayo kila mtu anaijua na ambayo bado inafanya kazi: jicho husoma kutoka kushoto, likaishika tarakimu ya kwanza na kuzipuuza zilizobaki. Dawa yake ni kupandisha kila bei hadi namba kamili inayofuata, kisha kujumlisha kichwani kadiri kapu linavyojaa.

Ofa ni suala zito zaidi. Lebo ya rangi kali yenye bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari humfanya mteja apime akiba anayodhani ameipata badala ya kupima fedha anayoitoa, ilhali bei ile ya zamani hana njia ya kuihakiki pale pale. Septemba 2024, tume inayosimamia ushindani na haki za watumiaji nchini Australia ilifungua kesi mahakamani dhidi ya kampuni za supamaketi za Coles na Woolworths, ikidai kwamba bei za mamia ya bidhaa zilipandishwa kwa muda mfupi kwa angalau asilimia 15, kisha zikashushwa na kutangazwa kuwa punguzo, huku bei hiyo mpya ikiwa sawa na ile ya awali au juu yake. Mnunuzi asiyeweka kumbukumbu hawezi kuuona mchezo wa aina hiyo. Kinga nzuri ni daftari dogo, au ukurasa katika simu, lenye bei za kawaida za vitu ambavyo kaya huvinunua mara kwa mara. Si lazima viwe vingi, kwa maana bajeti ya kaya nyingi huliwa na bidhaa chache zinazojirudia. Kwa ofa za kununua vitatu kwa bei ya viwili, swali la kujiuliza ni kama vitatu hivyo vitatumika kabla ya kuharibika. Na pale lebo inaposema “vitano kwa bei fulani”, inafaa kusoma maandishi madogo, kwa kuwa mara nyingi hata anayechukua kimoja hulipa sehemu moja ya tano tu ya bei hiyo.

Kisha kuna imani kwamba pakiti kubwa daima ni nafuu, imani ambayo maduka hayana haraka ya kuirekebisha. Pakiti yenye ujazo mara mbili inaweza kuuzwa kwa bei mara mbili na zaidi, na anayeinyanyua bila kukokotoa huwa amelipia ukubwa wa karatasi. Kinachomwokoa ni bei kwa kipimo, yaani bei ya kilo moja, lita moja au kipande kimoja, ambayo nchi za Umoja wa Ulaya zimeagizwa na maelekezo ya Umoja huo ya mwaka 1998 kuhakikisha inaonyeshwa kwa mteja. Kwa maoni ya mwandishi wa tathmini hii, hiyo ndiyo taarifa ya kweli kuliko zote zilizomo dukani, na ndiyo inayochapishwa kwa herufi ndogo kuliko zote. Hata inapokuwapo, mtu asome kwa uangalifu: si ajabu kukuta bidhaa tatu zilizosimama bega kwa bega, ya kwanza ikiwa na bei ya kilo, ya pili bei ya gramu 100 na ya tatu bei ya kipande, hivi kwamba haziwezi kulinganishwa bila kikokotoo cha simu. Duka linalotumia kipimo kimoja kwa bidhaa za aina moja lingestahili nyota ya ziada kwa hilo pekee.

Bei kwa kipimo ndiyo pia inayofichua upunguzaji wa ujazo. Mtengenezaji asiyetaka kupandisha bei waziwazi huipunguza pakiti ya gramu 500 ikawa ya gramu 450, akaacha sura na bei vilevile; mteja hahisi chochote, ingawa kila gramu sasa anainunua kwa takriban asilimia 11 zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na bidhaa zinazofanyiwa hivi mara nyingi ni zile zenye jina ambalo mnunuzi amelizoea kiasi cha kutolisoma tena. Ufaransa, tangu Julai 1, 2024, imewataka wenye maduka makubwa na ya kati kuweka tangazo kwa miezi miwili karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo bila bei yake kushuka kwa uwiano huo. Ni hatua nzuri, japo miezi miwili ni muda mfupi. Pasipo na sheria ya namna hiyo, mteja mwenyewe hana budi kusoma uzito uliochapwa kwenye pakiti.

Bidhaa zenye chapa ya duka lenyewe zinapaswa kusifiwa. Baadhi yake hutoka katika viwanda vilevile vinavyotengeneza bidhaa zenye majina makubwa, na kwa vitu kama chumvi, sukari na wanga tofauti ya ubora ni ndogo mno kuhalalisha tofauti ya bei. Haina maana kwamba kila chapa ya duka ni nzuri. Kujaribu moja moja na kusoma orodha ya viambato kunatosha kuamua. Kadi za pointi nazo, zilizopata umaarufu mkubwa baada ya Tesco, kampuni ya supamaketi ya Uingereza, kuanzisha kadi yake ya Clubcard mwaka 1995, si mbaya kwa mwenye nidhamu: achukue bei ya wanachama kwa kile ambacho angekinunua hata hivyo, akijua kwamba analipa kwa taarifa za manunuzi yake, na asifuate pointi hadi kwenye bidhaa ambayo haimo katika orodha.

Orodha hiyo ndiyo nguzo ya yote, ila iandikwe vizuri. “Mboga” na “vitu vya kufanyia usafi” si orodha, ni ruhusa ya kununua chochote. Iandikwe baada ya kukagua kabati na jokofu, ikiwa na kiasi mbele ya kila kitu, na ikiwezekana ipangwe kwa kufuata safu za duka ili pasiwe na sababu ya kurudi nyuma. Kwenda dukani ukiwa umeshiba ni ushauri wa kale unaofaa hadi leo. Kwa upande mwingine, ushauri wa kuzunguka maduka matatu ili kufukuzia kila ofa unasifiwa kupita kiasi, kwani nauli na muda huimeza akiba, na kila mlango mpya ni kishawishi kipya. Ushauri wa kuwaacha watoto nyumbani hutolewa zaidi na wasio nao. Kuagiza kwa intaneti husaidia kwa sababu jumla huonekana ikipanda na kitu kinaweza kufutwa bila aibu, ingawa ada ya kufikishiwa mzigo na kiwango cha chini cha oda humsukuma mteja kuongeza vitu ili afikie kiwango hicho.

Kwa jumla, supamaketi inapendekezwa kwa manunuzi makubwa yaliyopangwa, na haipendekezwi kama mahali pa kupitia tu wakati wa kurudi nyumbani. Udhaifu wake wa mwisho uko kwenye kaunta ya malipo, ambako mteja aliyechoka hupangiwa peremende na vikorokoro vingine kandokando ya foleni, na ambako bei iliyo kwenye rafu huenda isilingane na ile iliyo kwenye mashine, hasa ofa inapoanza au inapokwisha. Ni vema kutazama skrini keshia anapopitisha bidhaa, kisha kusimama pembeni na kuilinganisha risiti na vitu vilivyonunuliwa kabla ya kutoka, kwa kuwa kosa linaloonekana ndani ya duka husahihishwa kwa dakika chache, na linaloonekana nyumbani mara nyingi huachwa lilivyo.