Uzoefu wangu: tulivyojengewa upya websaiti ya kampuni ya mikopo ya simu hapa Mwanza

Niko kitengo cha wateja kwenye kampuni ndogo ya mikopo ya simu hapa Mwanza, kompyuta sijasomea, ila bosi aliniambia wewe ndo unashinda unaongea na wateja kwa hiyo websaiti mpya utaisimamia wewe. Nilihangaika kutafuta mtu aliyeelezea kwa Kiswahili kazi hizi zinaendaje, sikupata, ndo maana naandika.

Websaiti ya zamani ilikuwa na picha ya maghorofa sijui ya nchi gani, maneno yote Kiingereza, na ile picha ya juu peke yake ilikuwa na MB 4 na ushee. Sasa mteja wetu ni nani? Yuko soko la dagaa la Mwaloni Kirumba, yuko Igombe, yuko Ukerewe, ana simu janja ya bei ya chini na bando la siku, akifungua kinazunguka tu mpaka anaacha. Halafu Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni, aisee simu ofisini hazikukatika, "dada na nyie mmo?" Hatukuwemo, leseni tunayo, ya daraja la pili (wakopeshaji wasiopokea amana za watu) chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, lakini kwenye websaiti yetu ilikuwa haionekani popote! Watu wameumizwa na kausha damu, yaani mikopo ya riba za kuumiza, wengine wametangaziwa madeni mpaka kwa wakwe zao, wana haki kabisa ya kuuliza. Hapo ndo bosi akakubali kutoa hela.

Tuliongea na watu watatu. Mmoja alisema wiki moja anamaliza, mwingine alituletea makaratasi mazuri sana yenye rangi, na wa tatu ni vijana wanne wenye ofisi Nyegezi ambao kabla ya kutaja bei waliuliza, "Anayeingia kwenye websaiti yenu anakuwa anatafuta nini?" Nikakosa jibu la haraka, na swali lile likanikaa kichwani siku nzima. Tukawapa wao, milioni 4.8 kwa awamu tatu, kazi ikaanza Februari 2025.

Kitu walichofanya ambacho mpaka leo nawashukuru, walikuja na mimi Mwaloni saa moja asubuhi kwenye magunia ya dagaa, wakawa wanawaomba wateja wafungue websaiti kwenye simu zao wenyewe na wao wanakaa kimya wanaangalia kidole kinaenda wapi. Sekunde 19 kufunguka, nilihesabu mimi. Mwisho wa mwezi wakarudi na mfano wa kikokotoo cha mkopo, yaani unaweka kiasi unaona marejesho, wakampa mama mmoja mnunuzi wa dagaa. Kijana akaamkia, "Shikamoo mama," "Marahaba baba," mama akaangalia weee halafu akasema, "Mwanangu, hii inanipangia kurudisha tarehe 14, si mbalamwezi hiyo? Mitumbwi itakuwa juu mchangani, hela nitaitoa wapi?" Tukabaki tunaangaliana. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu na wavuvi wanapumzika, sasa sisi tumeshinda tunawadai watu siku ambazo ziwa zima limelala na tukisema ni wasumbufu!! Miaka minne nilikuwa nazipokea simu zao za "niongezee siku" na sikuwahi kuunganisha. Kikokotoo kikabadilishwa, mtu wa dagaa anachagua biashara yake na tarehe zinaangukia kipindi cha giza, na bosi ikabidi abadilishe mpaka utaratibu wa marejesho ofisini.

Mengine kwa kifupi. Namba ya leseni iko juu kabisa, ukiigusa unaona na jinsi ya kuihakikisha Benki Kuu. Gharama zimeandikwa kwa shilingi, ukikopa laki 2 unaona jumla utakayorudisha, sio asilimia peke yake. Kiswahili ndo kinafunguka kwanza. Picha ni za hapa hapa na zimebanwa, ukurasa wa kwanza wote hauzidi KB 500, tuliujaribu Aprili kwenye foleni ya kivuko Kigongo (daraja lilikuwa bado halijafunguliwa) simu yetu ya majaribio ikafungua kwa sekunde 3. Na fomu, mimi nilitaka tumuombe mtu namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) moja kwa moja, wakanikatalia, wakasema kwa anayeulizia tu chukua jina na simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki ukusanye usichokihitaji. Nilikasirika siku ile ila walikuwa sahihi.

Yaliyoniudhi sasa. Waliahidi wiki 8 zikawa 14. Wiki tatu sio kosa lao, fundi wa zamani domeni yetu ya .co.tz, yaani anwani ya websaiti, aliisajili kwa jina lake mwenyewe na kumpata ilikuwa kazi kweli kweli, kwa hiyo kama una kampuni leo hii nenda kaangalie domeni yako imeandikwa jina la nani, usisubiri mgombane. Lakini zile zingine ni wao, walichukua kazi nyingine katikati na kwenye WhatsApp wakawa wanajibu kesho yake. Mafunzo ya kubadilisha maandishi walitupa mchana mmoja tu, nikasahau yote, mpaka nilipong'ang'ania ndo wakatuandikia mwongozo wa kurasa sita wenye picha, na huo ndo ninautumia hadi leo. Uangalizi miezi mitatu ilikuwa bure, sasa tunalipa elfu 80 kwa mwezi.

Nikiulizwa ningewapa tena kazi, ndio, ila mkataba ningeandika tarehe za kila hatua na faini ya kuchelewa. Yule mama wa dagaa nilimpelekea aione ilivyokamilika, akasema wabeja (asante kwa Kisukuma), halafu akaniambia shoga yake wa Igombe hajui kusoma, yeye atakokotoaje? Nimewaambia vijana waweke sauti, Kiswahili na Kisukuma, wiki ijayo tunaenda nao Mwaloni kurekodi.