Jumapili ya wawili, Posta mpaka Coco: nimepima kwa viti

Mimi ni msusi. Jumatatu mpaka Jumamosi nasimama saluni Kimara hadi kichwa cha mwisho kiishe, na mteja wa mwisho hakosi kutaka rasta ndogondogo. Kwa hiyo Baba Neema aliposema tumefikisha miaka kumi ya ndoa, tuwaache watoto kwa wifi tukatembee mjini Dar es Salaam wawili tu, nilimpa sharti moja: pawe na pa kukaa. Haya ndiyo maoni yangu ya siku nzima, na kipimo ni hicho.

Basi la mwendokasi Jumapili asubuhi, ukipandia Kimara Mwisho, kiti kipo, tena cha dirishani. Tulishuka Posta ya Zamani tukaingia misa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wajerumani walilianza 1897 likaisha 1902, na benchi lake la mbao naliweka namba moja kwa siku ile. Mgongo unaegemea, miguu inafika chini, na hakuna anayekuja kukuuliza utaagiza nini. Dada wa mbele yangu alikuwa amevutwa nywele mpaka kipaji kimeota vipele. Nusu ya mahubiri nilikuwa namhesabia mistari, Mungu anisamehe.

Jirani na hapo kuna Old Boma, jumba la mawe ya matumbawe la wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860. Sisi tuliliangalia kwa nje tu, na mlango wake wa kuchongwa. Baba Neema ni fundi umeme, hana habari na masultani. Aligonga ukuta kwa vidole akasema, "Mama Neema, hapa kupitisha bomba la waya utatoboa wiki nzima." Tukapanda Barabara ya Samora mpaka Sanamu ya Askari. Nimeizunguka kwa daladala miaka na miaka, lakini sikuwahi kusimama nikaona kwamba bayoneti ya yule askari imeelekezwa bandarini. Waingereza waliiweka 1927. Kabla yake pale alisimama Wissmann, gavana wa Kijerumani, naye wakamng'oa wao. Kukaa? Hakuna. Ni mzunguko wa magari, piga picha uondoke.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nawashauri muende. Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na Jumapili kuna utulivu unasikia hata viatu vyako. Kuna habari za Zinjanthropus, fuvu la jamii ya watu wa kale alilolipata mtafiti Mary Leakey kwenye bonde la Oldupai mwaka 1959, la miaka kama milioni moja na laki saba na nusu. Magego yake ni mapana ajabu. Baba Neema akasema huyu muhogo mbichi angeutafuna kama biskuti, na wazo la muhogo likanikaa kichwani tangu saa ile. Kwenye magari ya zamani kuna Rolls-Royce iliyobeba wakubwa wa Kiingereza na baadaye Mwalimu Nyerere. Nimechungulia ndani: viti vya heshima kabisa, siku nzima sikuona vingine kama vile, na ndivyo usivyoruhusiwa kuvikalia. Nje kuna ukumbusho wa waliokufa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Pale tulinyamaza. Siku ile Baba Neema alikuwa darasani, na anakumbuka mwalimu alivyotoka nje akarudi na uso mwingine.

Sasa chakula. Bajaji ikatupeleka Masaki, kwenye mgahawa unaotazama bahari ambao jina lake nabaki nalo. Picha zake mtandaoni ni nzuri na bahari kweli ipo. Ila viti! Vya chuma, virefu, bila pa kukanyagia. Mimi si mrefu, nikaning'inia kama mtoto kwa kinyozi. Menyu haishikiki, unaiskani kwa bando lako mwenyewe. Niliagiza changu wa kupaka kwa wali wa nazi, mwenzangu pilau ya ng'ombe, juisi ya embe mbili na maji. Tuliagiza saa nane na robo. Saa tisa na dakika tano ndiyo kikaja, na changu alikuwa wa kukaanga, mkavu, nazi kaletewa pembeni kwenye kibakuli cha kuwekea chachandu. Mimi mama yangu ni wa Tanga. Samaki wa kupaka anachomwa, anapakwa tui zito, anarudishwa kwenye moto, anapakwa tena mpaka tui limshike. Kumpa samaki tui achovye ni kitu kingine. Nilimwambia mhudumu kwa upole, akasema, "Pole dada, mpishi ndivyo anavyofanya." Kijana mwenyewe hana kosa, na pilau niliyoonja ilikuwa na iliki ya kutosha, siwanyimi haki yao.

Bili: kichwani nilikuwa na 68,000, karatasi ikasema 80,240. VAT asilimia 18 imewekwa juu, na imeandikwa mwisho kabisa wa menyu kwa herufi za kuchungulia. Uliza kabla hujaagiza. Hizo elfu kumi na mbili na ushee mimi nazijua zinavyopatikana, kwa kusimama.

Jua lilipolegea tukasogea Coco Beach. Kiti cha plastiki, kimoja mguu wake umezama mchangani, lakini mgongo umepata pa kulala. Sikiliza muhogo wa pale: umekaangwa ukapasuka katikati, nje unalia kwa meno, ndani unga mtupu. Muuzaji anauchana, anamwagia pilipili, chumvi, kachumbari juu, na ukwaju ukitaka. Taka ukwaju. Tulikula sahani mbili na dafu moja moja, Baba Neema akavua viatu, tukakaa bila kuongea mpaka muuzaji akaja kuuliza kama tunaongeza au tunaondoka. Tukaongeza. Ubaya wa pale ni wauza miwani, karanga na chaja, wanapita kila dakika mbili na hapana hawaisikii.

Tulirudi kwa miguu juu ya Daraja la Tanzanite, kilomita moja na kidogo juu ya maji mpaka upande wa Aga Khan. Limefunguliwa 2022 na sisi ndiyo tulikuwa tunalikanyaga mara ya kwanza. Upepo ni mkali, kama umevaa wigi lishike. Taa zikawaka tukiwa katikati.

Bajaji tena mpaka Fire, tukapanda mwendokasi la Kimara. Lilikuwa limejaa, tukasimama Magomeni yote, tukasimama Manzese. Ubungo abiria mmoja akashuka, kikabaki kiti kimoja. Baba Neema akakitazama, akanitazama mimi, akakaa. Kisha akanyoosha mikono akaupokea mkoba wangu, akaupakata.