Niliwalipa watusaidie kuachana na kaunta buku: duka la pembejeo, Uyole

Nina duka la pembejeo hapa Uyole na tawi dogo Mbalizi, wafanyakazi tisa jumla. Tumeuza mbolea, mbegu, dawa na chakula cha kuku miaka kumi na moja, hesabu zote zikilala ndani ya kaunta buku. Mwaka huu nililipa shilingi 900,000 kwa kampuni ndogo ya vijana wa hapa mjini Mbeya ili watuvushe kutoka daftari kwenda programu ya mauzo na stoo. Programu yenyewe nilikuwa nayo tayari. Nilichowalipia ni kazi ya kukaa na watu wangu. Wenzangu wa Mwanjelwa wamekuwa wakiniuliza kama ile hela ilirudi, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Programu niliinunua mwaka jana kwa muuzaji mwingine. Aliifunga asubuhi, akatufundisha saa mbili, akaondoka. Kilichofuata ni mgomo baridi. Hakuna aliyenikatalia. “Sawa mama,” halafu kompyuta inashinda imefunikwa kitambaa. Leo umeme ulikatika, kesho nenosiri limesahaulika, keshokutwa wateja walikuwa wengi. Mwezi wa pili binti aliyekuwa mwepesi kuliko wote pale kaunta akaaga. Nilisema ni uvivu wa vijana. Nilikosea, na binti yule simpati tena.

Mkufunzi wa kampuni hii ni dada wa miaka thelathini na kitu. Siku ya kwanza hakugusa kompyuta. Aliingia stoo, akamwamkia mzee wetu mtunza stoo, akakaa juu ya mfuko wa pumba na kumwomba amfungulie daftari lake. Nami nilikuwa sijawahi kulisoma kwa utulivu. Limevalishwa nailoni, penseli imefungwa kwa uzi wa katani, na pembeni ya majina kuna alama: kiduara chekundu, mstari, pembetatu.

“Baba, hii pembetatu ni nini?”

“Huyo analipa kwa maharage, mwanangu. Akishavuna.”

Zilikuwa pembetatu ishirini na sita. Programu yetu ilijua fedha taslimu na malipo ya simu, basi. Mkulima wa Inyala anayechukua mbolea mvua zinapoanza na kulipa baada ya mavuno hakuwa na pa kuandikwa. Mzee aliliona hilo tangu siku ile ya saa mbili, ila hakuna aliyemuuliza, na yeye si mtu wa kumkatisha mgeni akiongea. Mwaka mzima nimemwita mkaidi, kumbe alikuwa analinda madeni yangu. Kwa jambo hili peke yake hela yangu ilirudi: mkufunzi alimrudia aliyeuza programu, wakaongeza sehemu ya wadaiwa, na pembetatu zote zikaingizwa huku mzee akisoma na kijana mmoja akichapa.

La pili lilinigusa mimi. Chakula cha kuku tunakipima kwa kilo, na katika kupima kuna kumwagika. Vijana waliamini kompyuta ikionyesha pungufu, mshahara utakatwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana niliwahi kumkata mmoja. Mkufunzi alinitaka niandike kwa mkono wangu kwamba kwa miezi miwili ya mwanzo hakuna atakayekatwa kwa tofauti ya hesabu, nisaini, nibandike ukutani. Nilisita siku tatu. Nilipobandika, kitambaa kilitoka kwenye kompyuta wiki ileile.

Nilimuuliza mbona mwaka 2022, ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa kwenye Nane Nane hapahapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, watu hawahawa walijifunza mfumo wa simu wa kuuzia mbolea hiyo bila kunisumbua. Akaniuliza na yeye: wakati ule wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa kaunta, nimeshika simu, najifunza pamoja nao. Hii ya sasa niliwaachia nikaenda kwenye mzigo.

Alitusimulia pia utafiti wa Lester Coch na John French uliotoka mwaka 1948, kwenye kiwanda cha nguo za kulalia huko Virginia, Marekani. Kundi lililotangaziwa tu kwamba kazi inabadilika lilishuka uzalishaji, na asilimia 17 wakaacha kazi ndani ya siku 40. Makundi ambayo watu wote walishiriki kupanga mabadiliko yaliirudia kasi yake haraka, yakapita hata kiwango cha zamani, na humo hakuna aliyeacha. Nilimfikiria binti yangu wa kaunta.

Sasa kasoro, na ninazisema kwa sababu nataka kampuni hii idumu. Siku ya pili nzima ilipotea kwenye picha za ukutani za Kiingereza, mara mwanasaikolojia Kurt Lewin na mfano wake wa mabadiliko kama barafu inayoyeyushwa na kugandishwa upya, mara mishale na maboksi. Wapakiaji wawili walisinzia, na siwalaumu. Mtu aliyeweza kukaa juu ya mfuko wa pumba angeyasema yote hayo kwa Kiswahili papo hapo stoo. Tawi la Mbalizi walilitembelea mara moja tu ingawa tulikubaliana mara tatu, na kule mpaka leo wanaandika daftari na kompyuta kwa pamoja, kazi mara mbili. Nilipolalamika waliomba radhi na kupunguza shilingi 100,000. Ningependa zaidi wangekwenda.

Ukiwachukua, andikianeni idadi ya ziara kwa kila tawi kabla hujalipa, na usipange kuanza Novemba mbolea ikiwa inagombaniwa. Sisi tulianza Mei, duka likiwa na nafasi ya kupumua.

Salio nimelimaliza wiki iliyopita. Nimewaomba warudi siku mbili kabla ya msimu, na maswali ya kuwauliza ameyaandaa mzee, kwa penseli yake ileile. Yako matano. La kwanza linahusu bei ya debe la maharage inapobadilika kati ya kukopa na kulipa.