Kinubi na dalsima kwenye meza ya cherehani

Mimi ni fundi nguo, Kirumba, Mwanza. Msimu wa sare za shule nalala saa nane usiku, na nyimbo za maneno hazinifai saa hizo: nikisikia mtu anaachwa, namfuata, mkasi unakwenda kombo. Ndipo nikanunua kwenye simu albamu ya kinubi na dalsima, ala tupu. Ninayo wiki ya 3 sasa.

Kinubi wengi tunakijua kwa Zaburi. Dalsima je? Kama umewahi kuiona qanun ya taarabu ya Zanzibar, ile ya nyuzi nyingi juu ya kisanduku bapa, umbo halipishani sana, ila dalsima nyuzi zake ni za chuma na zinagongwa kwa vinyundo viwili vyepesi vya mti. Inalia kama mvua juu ya bati kabla haijakolea. Humo zimo tuni za Turlough O'Carolan, mpiga kinubi wa Ireland aliyepofushwa na ndui akiwa kijana, akafariki 1738. Hizo ndizo nazirudia.

Kosa langu lilikuwa kuipiga kwenye sabufa. Nyuzi nene za kinubi zilinguruma hadi pini zikacheza mezani, dalsima ikamezwa kabisa. Dalsima nyingi hazina cha kunyamazisha nyuzi, noti ya kwanza bado inalia wakati ya tatu imeshagongwa, kwa hiyo spika ikiwa nzito unapata uji. Nimeshusha besi mpaka mwisho, sasa kila kinyundo nakisikia kinapotua.

Sikupenda wimbo mmoja waliouwekea sauti ya maji. Maji mimi nayasikia bure kila usiku, tena na vyura juu.

Mchana siipigi tena. Mteja aliyeleta kitenge alisimama mlangoni, akavua kandambili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, pole. Nani katutoka?" Simlaumu, ala tupu redioni tumezizoea kiongozi akifariki.

Juzi baba mkubwa alikuja na meli kutoka Nansio. Kwao Ukerewe alikulia kwenye enanga, ala ya nyuzi ya huko, na mpiga enanga hupiga huku anasimulia habari za watemi na mashujaa. Nikamwekea. Alisikiliza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikombe cha chai kikapoa mkononi.

"Anajua kupiga huyu, mwanangu," akasema. "Ataanza kusimulia saa ngapi?"