Kioo giza, kumbe fyuzi tu (fundi wa Mwanjelwa)
Jamani laptop yangu ilikuwa inawaka, feni inazunguka, mlio wa kuwaka unatoka ila kioo giza totoro, fundi wa kwanza hapa Mbeya mjini hata hajaifungua akasema kioo kimekufa leta laki 2 na nusu. Nikaenda kwa kijana mmoja Mwanjelwa, kibanda chenyewe meza inayumba, akamulika kioo na tochi ya simu kwa pembeni, loh, picha ikaonekana kwa mbaliii. Akasema kioo kizima, taa ya nyuma ndo haipati moto. Akapima na mita, kumbe kafyuzi kadogo kama punje ya ulezi kamekata, akachomelea kengine, elfu 25 tu. Ila skrubu 1 sijui kaipeleka wapi.