Gia otomatiki inasumbua baada ya kubadilisha matairi na difu: ununue kipimo kipi kwanza?

Gari lililo kama lilivyotoka kiwandani likianza kuchelewa kuingiza gia, unashuku giaboksi. Lililonyanyuliwa kimo, likavalishwa matairi makubwa na kufungwa winchi, mshukiwa wa kwanza ni kazi ya mikono yetu wenyewe. Kwa hiyo nimepanga vipimo hivi kwa kuangalia kipi kitakuonyesha mapema kama giaboksi ni mgonjwa au anasingiziwa.

Kabla hujanunua chochote, tazama oili ya gia. Nyekundu na safi, endelea. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuliwa. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Zima gari, usilisogeze.

1. Skana inayozungumza na kompyuta ya giaboksi

Hapa ndipo pesa iende. Tatizo ni kwamba skana nyingi za bei ya chini husoma injini tu. Zitakupa msimbo wa hitilafu P0700 na kunyamaza, na msimbo huo maana yake ni moja: kompyuta ya gia ina malalamiko yake, kaiulize yenyewe. Kabla ya kulipa, hakikisha kifaa kinaonyesha, gari likiwa linatembea, joto la oili ya gia, mizunguko ya shafti inayoingia na inayotoka, na mtelezo wa konveta (kiungo cha majimaji kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi). Kiwe pia kinarekodi, maana huwezi kuendesha huku unakodolea namba.

Kifaa kidogo cha Bluetooth cha aina ya ELM327 pamoja na programu nzuri ya simu kinatosha wengi. Nakala zake za bei ya kutupa ndizo za kuogopa: zinakatika katikati ya safari na kuruka baadhi ya maswali. Mwenye Ford atazame programu ya FORScan, inaingia ndani kuliko skana nyingi za jumla.

Sasa matairi. Ukitoka inchi 31 kwenda 35, kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 13. Spidi mita ikisema 100, wewe uko 113. Difu yenye uwiano wa 3.73 ingehitaji kuwa karibu 4.2 ili injini ihisi mzigo ule ule wa zamani. Usipobadilisha difu wala kuirekebisha kompyuta, gia itapanda na kushuka ovyo mlimani, konveta haitafunga, na joto litapanda. Kwenye skana utaona hayo yote bila msimbo hata mmoja. Lakini P0730, yaani uwiano wa gia usio sahihi, usiusingizie matairi haraka: kwa kawaida kompyuta inalinganisha shafti mbili za giaboksi lenyewe, kabla nguvu haijafika kwenye difu. Hapo kuna kitu kinateleza kweli, au sensa inadanganya.

2. Multimita

Wengi wataiweka mwisho. Mimi naiweka ya pili kwa sababu iliniokoa. Gari langu lilianza kugonga kutoka gia ya 2 kwenda ya 3, usiku tu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta giaboksi la mtumba. Nikawasha taa za ziada, nikaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa giaboksi, injini ikinguruma: volti 0.9. Isingepaswa kuzidi 0.2 hivi. Waya wa ethi wa injini ulilegezwa wakati taa zinafungwa, na nati haikukazwa tena. Solenoidi, yaani vali za umeme zinazobadilisha gia, zilikuwa zinakosa umeme kila taa zikiwaka. Dakika kumi na spana moja, gia ikalainika.

Gari lililonyanyuliwa pia huvuta nyaya za sensa. Zikague kwa macho kabla ya kupima.

3. Geji ya joto ya kudumu

Inunue ikiwa skana yako haisomi joto, au unavuta tela. Sensa ikae kwenye bomba linalotoka giaboksi kwenda kwenye kipoozeo, ndipo joto la kweli lilipo. Nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi ni kawaida kwa nyingi. Ukipita 120, tafuta pa kusimama na uache injini ikiunguruma kwenye N. Kipimajoto cha kuelekeza, cha miale, ni cha kubahatisha: kinasoma ngozi ya karai la oili chini ya giaboksi, hakisomi oili yenyewe.

4. Geji ya presha

Ni ya fundi. Ina maana pale tu skana imeelekeza huko, na unahitaji kitabu cha gari lako chenye namba zake. Ukiinunua, chukua inayofika psi 300, kwa sababu kwenye R baadhi ya giaboksi hupanda sana na geji ndogo itakufa. Mengine ya kisasa hayana hata tundu la kuifunga.

Ya kuacha dukani: dawa za chupa za kuponya gia. Zinaweza kupunguza mtetemo wa konveta kwa muda, na ndiyo ubaya wake, zinafuta ushahidi kabla hujaurekodi. Halafu mtetemo unaofuata kasi ya gari, na haubadiliki hata gia ikibadilika, mara nyingi ni wa propela ambayo pembe yake imebadilika kwa sababu gari limenyanyuliwa. Huo hautibiwi na oili yoyote.